Kuprinti picha nyeusi-nyeupe kwa printa ya wino: mweusi peke yake, rangi sita, au ununue yenye wino wa kijivu?

Wakuu, anayeprinti picha za rangi tu anaweza kukaa na printa yake miaka bila kujua ina tatizo, maana kwenye rangi macho yanasamehe, kanga ikitoka nyekundu kidogo kuliko ilivyo nani ataiona. Sasa leta picha nyeusi-nyeupe, ile ya harusi ya babu na bibi miaka ya sitini, mteja kaitoa kwenye albamu imekunjamana anataka kubwa ya kuweka ukutani, iprinti kwenye ile ile Epson L805 inayotoa passport safi kila siku uone. Ukuta wa nyuma umekuwa kijani, shela la bibi linavuta zambarau, koti la babu limekuwa weusi mtupu hata vifungo havionekani. Mteja anaangalia, haongei, lakini unajua hajaridhika.

Sasa watu wengi hapo wanaanza kuhangaika na setingi, wengine wanakimbilia kununua mashine kubwa ya bei ambayo hawataimaliza kuilipa. Naweka njia zote mezani nizilinganishe, na msimamo wangu nausema mapema ili usome ukiujua: kwenye nyeusi-nyeupe kinachoamua ni kijivu. Mweusi kila printa inao. Ukijua printa yako inakipata wapi kijivu chake, maamuzi mengine yote yanakuwa mepesi.

Kijivu kinatoka wapi

Printa ya wino haina wino mweupe, na nyingi hazina wino wa kijivu. Ili ipate kijivu ina njia mbili tu, ama inyunyize vidoti vyeusi mbalimbali na weupe wa karatasi ujazie nafasi, ama ichanganye saiani (bluu ya mwanga), majenta (pinki iliyoiva) na njano kwa vipimo ambavyo jicho likiviona pamoja linasema hiki ni kijivu. Njia ya kwanza haina rangi ya ajabu lakini ina chembechembe. Njia ya pili ni laini sana ila ndiyo yenye balaa, kwa sababu vipimo vikiyumba kidogo tu, njano ikipungua au majenta ikizidi, kijivu chote kinahama, na binadamu ana jicho kali sana kwenye kijivu, utofauti ambao kwenye rangi asingeugundua hapa anauona mara moja.

Halafu kuna hili ambalo linachanganya watu wanadhani printa ina jini. Picha iliyotengenezwa kijivu kwa mchanganyiko wa rangi inabadilika kulingana na taa. Dukani chini ya tyubu iko sawa, mteja akiifikisha dirishani inakuwa kijani, usiku chini ya balbu ya njano inakuwa kama ina wekundu. Hakuna setingi inayoliondoa hilo moja kwa moja, unaweza kulipunguza tu, maana asili yake ni ule mchanganyiko wenyewe. Ukiwa na wino wa kijivu halisi, printa inategemea rangi kidogo tu kwa kurekebisha, na ndiyo maana mabadiliko yanapungua sana.

Njia ya kwanza: wino mweusi peke yake

Hii ni ya bure na mashine yoyote inayo. Unaenda kwenye draiva, ile programu ya kompyuta inayoiendesha printa, unaweka alama kwenye Grayscale (nyeusi-nyeupe), unachagua karatasi, unaprinti. Lakini usiamini kwamba umeprinti kwa mweusi peke yake kwa sababu tu umeweka alama hapo, draiva nyingi ukichagua karatasi ya picha zinachanganya rangi kimya kimya hata kama Grayscale ipo. Chukua kioo cha kukuza, au kamera ya simu yenye uwezo wa kuona vitu vya karibu sana, angalia sehemu ya kijivu chepesi kama shavuni. Ukiona vidoti vya bluu, pinki na njano, hapo ni mchanganyiko. Ukiona vyeusi tupu, basi kweli ni mweusi peke yake.

Uzuri wake ni kwamba haivuti rangi yoyote ya ajabu na taa ikibadilika haigeuki geuki. Ubaya ni chembe, hasa kwenye uso na mawingu, na hapa ukubwa wa tone la wino ndio kila kitu. L805 na L1800 zinaweza kutoa tone dogo hadi pikolita 1.5 (pikolita ni kipimo cha vitone vidogo sana), zile za rangi nne kama Epson L3110 ndogo yake ni 3, kwa hiyo picha ile ile L3110 itaonyesha mchanga usoni wakati L805 itaonekana tulivu zaidi. Kwa picha inayoangaliwa toka mbali ukutani, au picha ambayo tangu mwanzo ina chembe zake za filamu, mweusi peke yake kwenye karatasi ya mati, ile isiyong'aa, inapendeza kuliko watu wanavyodhani. Kwa picha ndogo ya uso inayoshikwa mkononi, hapana.

Tahadhari kwa wenye Canon za tenki (zile unazojaza wino wa chupa) za rangi nne, hizi za familia ya G2000 na G3000 zinazotumia wino wa GI-490. Mweusi wake ni wa pigmenti (wino wa chembe unaokaa juu ya karatasi), rangi zake tatu ni dai (wino ulioyeyuka unaozama kwenye karatasi). Ukichagua karatasi ya glosi, ile inayong'aa, printa inauweka pembeni ule mweusi kabisa, inatengeneza weusi kwa rangi tatu, na ndio ule weusi unaoona umekaa kama kahawia au bluu iliyoiva. Wajanja wanaidanganya printa kwa kuchagua Plain Paper huku wameweka glosi, matokeo yake pigmenti inakaa juu ya karatasi haishiki, ukipitisha kidole inafutika. Kwa mashine hizi nyeusi-nyeupe nenda na karatasi ya mati tu, glosi achana nayo.

Njia ya pili: rangi sita za tenki bila kijivu

Hapa ndipo wengi tulipo. L805, L1800, na zilizokuja baada yake L8050 na L18050, zote zina rangi nne za kawaida pamoja na saiani nyepesi na majenta nyepesi. Steshenari na studio ngapi toka Kariakoo mpaka River Road zinaendeshwa na hizi, na kwa rangi ni mashine za maana, chupa ya L805 ni mililita 70, gharama ya picha moja ndogo sana.

Kwenye nyeusi-nyeupe zinatoa ulaini mzuri sababu ya zile rangi nyepesi, uso unatoka bila mchanga, ila kijivu chake kwa sehemu kubwa ni cha mchanganyiko kwa hiyo lile balaa la kuvuta rangi lipo pale pale. Njano haina toleo jepesi na macho hayaioni vizuri, printa ikiyumba kwenye njano hujui mpaka picha imekuwa ya bluu au ya zambarau.

Kabla hujaitupia lawama mashine kuna mambo ya kukagua, na nayapanga kwa uzito ninavyouona. La kwanza wino. Ile ya lita inayouzwa bei ya kutupa, hata kama rangi zake zinapendeza kwenye kadi za harusi, kwenye kijivu inakuumbua, kwa sababu draiva ya Epson imepimwa kwa wino wa Epson na vipimo vya kijivu havina mchezo. Ukitaka kubaki na wino wa nje basi ubaki na aina moja tu, usichanganye leo huu kesho ule, na utafute mtu mwenye kifaa cha kupimia akutengenezee profaili ya ICC, yaani faili la vipimo vya rangi, ya wino huo na karatasi hiyo. Bila profaili unabahatisha.

La pili nozo, yaani vitundu vya kutolea wino. Printi nozo cheki (ukurasa wa kuvikagua) kila kabla ya kazi ya nyeusi-nyeupe, mstari mmoja uliokatika kwenye majenta nyepesi kwenye picha ya rangi hauonekani, kwenye kijivu unakuwa kijani picha nzima.

La tatu, na hili linawakamata hata watu wazoefu, ni rangi kusimamiwa mara mbili. Kwenye Photoshop umechagua programu isimamie rangi kwa profaili, halafu kwenye draiva umeacha nayo isimamie, kila mmoja anasahihisha, picha inatoka na wekundu wa majenta. Chagua bosi mmoja. Programu ikisimamia, kwenye draiva weka No Color Adjustment, na kama huna profaili mwachie draiva peke yake.

Na kuna mbinu ambayo kwa mashine za rangi sita mimi naiona ndiyo mkombozi kuliko zote: usiikimbize picha iwe kijivu kisafi kabisa, ipe joto kidogo kwa makusudi. Ongeza ukahawia kidogo sana, kiasi kwamba ukiitazama peke yake unaona nyeusi-nyeupe na ukiiweka pembeni ya karatasi nyeupe ndio unagundua ina ujoto. Kijivu kisafi kikihama hatua moja kuelekea kijani mteja anaona kosa, kijivu chenye ujoto kikihama hatua hiyo hiyo bado kinaonekana kina ujoto. Na kwa picha za zamani inaingia vizuri, maana nyingi za zile zilishakuwa na ujoto wake, kwa karatasi zilivyotengenezwa na kwa umri. Angalia kazi za Capital Art Studio pale Kenyatta Road Unguja, studio aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930, ukaziangalie kwa macho yako kama uko Mji Mkongwe, utaelewa nyeusi-nyeupe nzuri haikuwa lazima iwe ya baridi.

Njia ya tatu: tenki yenye wino wa kijivu

Hili ni kundi ambalo watu wengi hawalijui na kwa maoni yangu ndilo linalofaa wengi wanaotaka kupanda ngazi bila kufilisika. Canon ina G540, na G640 yenye skana, zote A4, wino sita: mweusi, saiani, majenta, njano, nyekundu na kijivu, zote dai. Ule mwekundu kwa nyeusi-nyeupe hauna kazi, ila kile kijivu ndicho unacholipia. Epson ina L8160 ya A4 na L8180 ya A3+ (kubwa kidogo kuliko A3), nazo wino sita: mweusi wa picha, kijivu, saiani, majenta, njano, na mweusi wa pigmenti.

Ukiziweka pembeni ya L805 tofauti inaonekana kwenye kijivu cha katikati na kile cheusi-cheusi, mahali ambapo nguo nyeusi na ngozi yetu zinakaa. Kijivu cha katikati hakihami hami, na chembe zinapungua kwa sababu badala ya doti jeusi kali printa inaweka la kijivu. Zina kijivu kimoja tu kwa hiyo sehemu nyepesi kabisa bado kuna rangi zinasaidia, usitegemee utulivu wa mashine za kijivu viwili, lakini hatua kutoka rangi sita za kawaida kuja hapa ni kubwa kuliko hatua ya kutoka hapa kwenda mashine ya gharama.

Kati ya Canon na Epson hapa, mimi nachagua kwa karatasi. Ukiwa wa glosi na lasta (karatasi ya mng'ao wa wastani) tu, saizi A4, G540 inatosha na ni rahisi. Ukitaka kucheza na mati pia na karatasi nene, na A3+ kwa ajili ya fremu kubwa, L8180 ndiyo, kwa sababu ule mweusi wa pigmenti unatumika kwenye mati na njia yake ya nyuma inapitisha hata kadi ya milimita 1.3. Kwa mtu wa studio anayepokea picha za msiba, picha ya marehemu ya A3 ya kubebwa mbele ya msafara, L8180 inajilipia yenyewe.

Ubaya wa pamoja ni dai. Ikibandikwa ukutani bila kioo, jua linaingia toka dirishani na upepo wa feni unapiga kila siku, itafifia mapema kuliko pigmenti, na dai ikififia haififii sawasawa, rangi moja inatangulia na kijivu chako kinageuka. Weka kioo, weka mbali na jua, itakaa vizuri.

Njia ya nne: mashine za wapiga picha

Canon PRO-200, PRO-300, PRO-1000 na Epson SureColor P700, P900. Hapa lazima kutenganisha PRO-200 na wenzake kwa sababu jina linawachanganya watu, PRO-200 ni dai, wino nane na ndani yake vijivu viwili, kijivu na kijivu chepesi. PRO-300 ni pigmenti, wino tisa za rangi pamoja na moja isiyo na rangi, na kwenye zile tisa kijivu ni kimoja. Kwa hiyo kama shida yako ni nyeusi-nyeupe ya glosi yenye weusi mzito unaong'aa, PRO-200 isidharauliwe kwa kuwa bei yake iko chini. PRO-300 unailipia kudumu kwa picha na karatasi za mati za pamba.

P700 na P900 ndizo ambazo kwa kazi hii hasa mimi nazipa nafasi ya juu. Zina wino kumi, mweusi wa glosi na mweusi wa mati kila mmoja na nozo zake bila kubadilishana, kijivu na kijivu chepesi, na zina modi ya Advanced Black and White ambayo watu wanaiita ABW. Kwenye ABW printa inatumia zaidi weusi na vijivu, rangi inazigusa kidogo tu ili kuweka tone unayotaka (mwelekeo wa rangi wa picha nzima), yaani ya kati, ya baridi, ya joto au sepia, na unaweza kusogeza kidogo kidogo. Picha inayotoka kwenye ABW ukiizungusha toka tyubu kwenda dirishani kwenda kwenye balbu inakaa mahali pamoja. Kama ya kwanza imetoka nzito vivulini, kwenye sehemu ya Tone shuka hatua moja upande wa mwanga kabla hujagusa faili lako. Kuna na modi ya kuongeza weusi kwenye glosi ambapo printa inapitisha kijivu chepesi juu ya sehemu nyeusi ili zizidi kuiva, kwa picha ya usiku au suti nyeusi utaona kazi yake.

Ila sikia upande wa pili kabla hujavunja kibubu. Katriji ya PRO-200 ina mililita 12.6, ya PRO-300 ina 14.4, ya P700 ina 25, ya P900 ina 50. Linganisha na chupa ya 70 ya L805 au L8180, halafu ujue bei ya mililita moja kwenye katriji ndogo iko juu sana. Na hizi mashine hazitaki kukaa bila kazi, kila zikikaa zinajisafisha kwa wino wako. Ukanda wa pwani una vumbi na chumvi ya hewani, huko bara kuna vumbi la kiangazi, usipoifunika na usipoprinti walau mara moja kwa wiki utajikuta unalipia wino wa kusafishia hedi (kichwa chenye nozo) kuliko wa picha. Na ulizia katriji kabla hujanunua mashine, piga simu maduka mawili matatu uliza kama kijivu chepesi wanacho dukani leo, sio cha kuagiza. Mashine nzuri inayosubiri katriji wiki tatu ni mzigo.

Pigmenti nayo ina tabia yake kwenye glosi, inakaa juu juu, ukiinamisha picha kwenye mwanga unaona sehemu nyeusi inang'aa tofauti na nyeupe, wakati mwingine na kamng'ao ka shaba. Ule wino usio na rangi wa PRO-300 upo kwa ajili hiyo hasa, kusawazisha mng'ao. Kwenye lasta haisumbui sana, kwenye mati haipo kabisa.

Wapo wanaoenda mbali zaidi, wanatoa wino wote wa rangi kwenye Epson na kujaza vijivu vitupu. Mfumo unaojulikana ni Piezography wa Jon Cone wa Vermont kule Marekani, una vivuli hadi saba vya wino mweusi, ukiendeshwa na programu ya QuadTone RIP ya Roy Harrington badala ya draiva ya kawaida. Ulaini wake haufananishwi, ni kazi ya nyumba za sanaa. Ila mashine inakuwa ya nyeusi-nyeupe tu, haiprinti passport tena, na wino unaagiza nje. Kwa anayeishi kwa passport na kadi, hapana. Kwa msanii wa maonyesho mwenye mashine ya pili, ndiyo.

Kupeleka labu nako ni chaguo halali. Ila uliza labu inatumia nini. Mashine nyingi mpya za labu ni za wino vilevile, dai, zile zinazoitwa za kavu kwa kuwa hazitumii kemikali, na nyingine zina rangi nne tu, kwa hiyo unaweza kulipa upate kijivu chenye tabia zile zile ulizokimbia nyumbani. Zile za kizamani za kemikali zinazotumia karatasi ya rangi zinategemea kemikali kuwa safi siku hiyo, kijivu chake leo kizuri kesho kina kijani. Peleka kipande kidogo kwanza.

Karatasi, hapa ndipo pesa kidogo inaleta mabadiliko makubwa

Mtu akiniambia ana bajeti ya kitu kimoja tu, namwambia karatasi kabla ya mashine. Weusi wa picha unaamuliwa na karatasi kwa kiasi kikubwa. Wapimaji wanatumia namba, weusi ukiwa mzito namba inapanda: glosi nzuri, lasta na bariti (baryta, karatasi nzito ya sanaa) zinafika 2.2 na kuendelea, mati iko kwenye 1.6 hadi 1.7 hivi. Ni tofauti unayoiona bila kifaa, weka picha mbili pamoja, ya mati inaonekana kama ina ukungu mwembamba juu ya weusi.

Haina maana mati ni mbaya. Mati haiakisi taa, ukiiweka bila kioo unaona picha popote ulipo chumbani, na kwa picha laini, mzee ameketi barazani, mtoto, ukungu wa asubuhi, inakaa kwa heshima. Glosi inakupa weusi lakini inakupa na alama za vidole na mng'ao wa taa, na zile glosi za bei chee za gramu 180 au 200 zinazouzwa kwenye pakiti bila hata jina la maana, tabaka lake la kupokea wino ni hafifu, weusi unazama na kuwa kijivu, na ukiweka pakiti mbili za jina moja zilizonunuliwa miezi tofauti hazilingani. Ukifanya kazi ya nyeusi-nyeupe chagua karatasi moja inayopatikana muda wote na ukae nayo.

Bariti ndiyo iliyo karibu kabisa na picha za chumba cha giza za zamani, ina mng'ao mpole, weusi mzito, uzito mkononi. Canson na Hahnemühle wote wanazo. Bei inauma, kwa hiyo mimi naiweka kwa kazi ya mteja aliyekwisha kukubali bei. Kwa kazi za kila siku lasta ya gramu 250 hadi 270 inatosheleza kabisa, haishiki vidole sana, weusi wake ni wa kundi la glosi.

Halafu weupe. Karatasi nyingi za bei nafuu zimetiwa kemikali ya kuzifanya zing'ae kwa weupe wenye ubluu. Juani zinaonekana za bluu, ndani zinaonekana za kawaida, na baada ya miaka ubluu unaisha zinakuwa za njano. Ukiweka tone ya joto juu ya karatasi ya bluu vinapigana. Kwa nyeusi-nyeupe ya joto tafuta karatasi yenye weupe wa asili.

Faili lenyewe

Hata P900 haiwezi kutoa kitu ambacho hakimo kwenye faili. Picha ya zamani iskani kwa rangi, hata kama yenyewe ni nyeusi-nyeupe, kwa biti 16 (ili ihifadhi ngazi nyingi za kijivu). Madoa ya njano na ya chai yanaonekana zaidi kwenye chaneli ya bluu (faili la rangi lina chaneli tatu, nyekundu, kijani na bluu), ukichukua chaneli nyekundu peke yake mengi yanafifia sana na umejiokolea saa nzima ya kuziba madoa. Picha ya sentimita 6 kwa 9 ukiskani kwa dpi 600 (vidoti kwa inchi) inakupa sentimita 12 kwa 18 kwa printi ya dpi 300, ukitaka ijae A4 skani kwa 1200.

Picha ya rangi unayoigeuza usibonyeze tu kuondoa rangi. Tumia kichanganyaji cha nyeusi-nyeupe, kiko Photoshop na GIMP ya bure unaweza kuchanganya chaneli pia, pandisha nyekundu na chungwa taratibu, ngozi yetu inafunguka, unaona umbo la shavu na paji la uso. Usizidishe, midomo inapotea na ngozi inakuwa ya plastiki. Hili nalisisitiza kwa sababu setingi nyingi za kugeuza zilizokuja tayari zinaipeleka ngozi nyeusi moja kwa moja kivulini, na kivulini ndipo printa inapofia.

Ujue printa yako inafia wapi. Tengeneza ngazi ya kijivu ya vipande 21, toka asilimia 0 hadi 100 kwa kuruka 5, iprinti kwenye karatasi yako kwa setingi zako, iache ikauke, iangalie mchana karibu na dirisha. Kama 85, 90 na 95 zote zimekuwa weusi mmoja basi koti la babu liko humo ndani. Rudi kwenye faili, inua vivuli kwa kifaa cha Curves mpaka vifungo vya koti vikae kwenye ngazi ambayo printa inaitofautisha. Ngazi hiyo hiyo inakuonyesha na kuvuta rangi, utaona kabisa kwamba kijani kinaanzia 40 na kuishia 60, na unarekebisha hapo tu badala ya kuiharibu picha nzima. Na monita ishushe mwanga, ukiona kila printi inatoka giza kuliko ulivyoiona, mara nyingi monita ndiyo inawaka kupita kiasi.

Kwa hiyo uchague ipi

Una L3110 au Canon ya rangi nne na mteja wa nyeusi-nyeupe anakuja mara mbili kwa mwaka, nunua pakiti ya mati nzuri, tumia mweusi peke yake, maliza. Una L805 au L8050 na kazi zinakuja kila mwezi, usiuze mashine, badilisha karatasi kuwa lasta, tia wino wa kampuni, tengenezesha profaili, tumia tone ya joto, na hesabu kama pesa inayoingia inaelekea kununua ya kijivu. Unafungua studio leo na unajua utarudufu picha za zamani, ruka L805 kabisa nenda L8180, au G540 kama bajeti ni A4. Unauza picha za sanaa kwa watalii au unafanya maonyesho, unaandika namba nyuma ya kila nakala, hapo P700 au P900 na bariti, hakuna mjadala, mnunuzi anastahili picha ambayo haitageuka kijani ukutani kwake. PRO-200 nampa yule anayetaka glosi yenye weusi wa kuiva, anaprinti kila wiki, na picha zake zinakaa kwenye albamu au chini ya kioo.

Na yoyote utakayochagua, usiitie picha kwenye fremu siku hiyo hiyo. Iache walau saa 24, ifunike kwa karatasi ya kawaida inyonye unyevu, weka kadi ya kutenganisha picha na kioo zisigusane, la sivyo unyevu wa wino unaacha ukungu kwenye kioo na glosi inaganda nacho. Ukiwa Tanga, Mombasa au Unguja wakati wa masika, ipe siku mbili.